Maswali ya Wasomaji: Seva ndogo ya ofisini, mafaili yabaki ndani

Safari hii tumeweka pamoja maswali ya jambo moja: kuifanya kompyuta moja iwe seva, na wengine wachukue mafaili humo kwa kivinjari bila kutegemea bando. Jibu la kwanza ndilo refu, kwa sababu mengine yote yanasimama juu yake.

Chama chetu cha msingi (AMCOS) kina kompyuta tatu na simu kadhaa. Orodha za wakulima, hati za mizani na fomu za malipo tunapeana kwa flashi au WhatsApp. Flashi zinabeba virusi, WhatsApp inataka bando, na orodha moja inakuwa na matoleo manne. Ipo laptopu ya zamani, Core i3, RAM GB 4. Inaweza kuwa seva? Msimu wa korosho haujaanza, muda tunao.
*Karani, Tandahimba*

Inaweza, tena inafaa kuliko kifaa kipya ambacho fundi angekushauri ununue. Laptopu ina betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika kidogo seva haizimiki. Ina saa inayotembea hata ikiwa imezimwa, na umuhimu wake utauona kwenye swali la Masasi hapa chini. Kagua betri kwanza: ikiwa imevimba, itoe leo hii, usisubiri seva. Ikiwa haishiki chaji hata dakika tano, weka UPS ndogo ya VA 650.

Ongeza vitu viwili. Cha kwanza ni SSD ya GB 240 ikiwa bado ina diski ya kuzunguka. Cha pili ni waya wa mtandao wa Cat 5e kutoka laptopu hadi ruta. Usiiunge seva yenyewe kwa Wi-Fi: kila faili litapita hewani mara mbili, kutoka seva kwenda kwenye ruta na kutoka ruta kwenda kwa mtumiaji, na kasi inapungua karibu nusu. Kwa waya, hata ruta ya bei ndogo yenye tundu la Mbps 100 hupitisha kama MB 11 kwa sekunde, yaani faili la GB 1 kwa dakika moja na nusu.

Sakinisha Debian 12 au 13, mfumo endeshi wa bure. Kisakinishi kikikuuliza nywila ya root (msimamizi mkuu), iache tupu. Hapo ndipo kitakuwekea sudo, neno linalokupa ruhusa za msimamizi kwa amri moja; ukiijaza, amri zote tunazoandika hapa zitakataa. Kwenye orodha ya programu ondoa alama kwenye mandhari ya picha, acha mstari wa SSH server (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa kompyuta nyingine) na ule wa zana za kawaida za mfumo. Bila mandhari ya picha, RAM ya GB 4 inatosha na kubaki.

Kisha nenda kwenye ruta, maana ndiyo inayogawa anwani. Ukurasa wake mara nyingi uko 192.168.1.1 au 192.168.0.1; angalia kibandiko chini ya ruta. Itengee laptopu anwani ya kudumu kwa namba yake ya MAC (utambulisho wa kadi yake ya mtandao). Hapa tutatumia 192.168.1.50 kama mfano. Usipofanya hivi, siku ruta ikizimwa na kuwashwa seva inaweza kupewa anwani nyingine, na ofisi nzima itasema seva imekufa ilhali iko hai chumba cha pili.

Sasa programu yenyewe. Zipo Apache na nginx, nzuri zote, lakini kwa ofisi isiyo na mtu wa kompyuta tunashauri Caddy, kwa sababu inatengeneza na kuhuisha yenyewe vyeti vya usimbaji (kuficha yanayopita njiani yasisomwe na wengine). Laptopu ikiwa na intaneti (hotspoti ya simu inatosha kwa siku hiyo), andika:

sudo apt update
sudo apt install caddy ufw
sudo install -d -m 755 /srv/nyaraka
caddy hash-password

Amri ya mwisho itakuuliza nywila mara mbili, kisha itatoa mstari mrefu unaoanza na $2a$14$. Huo ndio unaoandikwa kwenye mipangilio, si nywila yenyewe. Fungua /etc/caddy/Caddyfile kwa sudo nano, futa yote yaliyomo, uandike:

https://192.168.1.50 {
    tls internal
    root * /srv/nyaraka
    basicauth {
        karani $2a$14$(mstari wako)
        mhasibu $2a$14$(mstari wake)
    }
    file_server browse
}

Alama ya { lazima iwe mwisho wa mstari uleule, na itanguliwe na nafasi. Ukiishusha mstari wa chini, Caddy inakataa. Neno basicauth limebadilishwa kuwa basic_auth kuanzia toleo la 2.8, ila la zamani bado linapokelewa kwa onyo, na toleo linalokuja na Debian 12 linajua hilo la zamani tu. Ndiyo maana tumeliandika hivyo.

Kila mtu apewe mstari wake na nywila yake. Nywila moja ya ofisi nzima haifutiki: mtu akiacha kazi anaondoka nayo. Kwa mpangilio huu unafuta mstari mmoja, unapiga sudo systemctl reload caddy, kwisha. Mambo yakikataa, sudo journalctl -u caddy -n 30 itakuonyesha mistari 30 ya mwisho ya malalamiko. Humo unaweza kukuta maneno “failed to install root certificate”. Yapuuze, Caddy ilijaribu kujisajili kwenye laptopu ikanyimwa ruhusa, na hilo halizuii kazi.

Kisha faiwoli, ukuta unaochagua nani aingie kwenye seva na kwa poti (mlango) ipi:

sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 22 proto tcp
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 443 proto tcp
sudo ufw enable

Fuata mpangilio huo. Ukiwasha faiwoli kabla ya kuruhusu poti 22 huku umeingia kwa SSH kutoka kompyuta nyingine, unaweza kujifungia nje. Poti 80 tumeiacha imefungwa kwa makusudi, kwa hiyo watumiaji waandike https:// yote, au bora uwawekee alama kwenye kivinjari.

La mwisho ni mfuniko. Laptopu ikifungwa hulala, na seva nayo inalala. Kwenye /etc/systemd/logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore, kisha uiwashe upya. Iweke mahali penye hewa, si ndani ya droo.

Tumekaza kamba kwenye nywila kwa sababu orodha ya wakulima ina majina, namba za simu na akaunti za benki. Hizo ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Chama kinazishika kwa dhamana. Kuzisambaza kwenye kundi la WhatsApp lenye watu wasiohusika ni tatizo kubwa kuliko flashi yenye virusi.

Nimeweka seva ya namna hiyo shuleni. Kivinjari kinatoa onyo kwamba muunganisho si wa faragha. Wanafunzi nimewaambia wabonyeze kuendelea tu, na kweli inafunguka. Kuna ubaya?
*Mwalimu wa kompyuta, Lindi Mjini*

Upo, Mwalimu, na ni mkubwa kuliko yote tuliyoulizwa safari hii.

Onyo lile halisemi kwamba usimbaji haupo. Upo. Linasema kivinjari hakimjui aliye upande wa pili. Mwanafunzi mtundu aliye kwenye Wi-Fi hiyohiyo anaweza kuifanya kompyuta yake ijibu kwa niaba ya 192.168.1.50, zana za kazi hiyo ni za bure. Wenzake wataona onyo lilelile walilozoea, watabonyeza kuendelea, na nywila zao watamwandikia yeye. Usimbaji wote umefanya kazi vizuri kabisa, ila barua imefika kwa mtu mwingine.

Dawa ni kuvipa vifaa cheti mama cha seva yako, yaani kile kinachothibitisha vyeti vyake vingine. Kitoe hivi, ukiweka jina lako la mtumiaji mahali pa mwalimu:

sudo install -m 644 /var/lib/caddy/.local/share/caddy/pki/authorities/local/root.crt /home/mwalimu/

Chukua root.crt hiyo kwa flashi upeleke kwenye kila kifaa. Usiitume kwa Wi-Fi ambayo bado huiamini. Angalia pia usichukue cheti kilichomo kwenye folda yako ya nyumbani: ukiwahi kuendesha caddy run kwa mkono, nayo ilitengeneza cheti mama chake, tofauti na cha huduma, na vifaa vikipewa hicho onyo halitaondoka. Kuhakikisha, piga openssl x509 -in root.crt -noout -fingerprint -sha256 ulinganishe na kilichosakinishwa.

Kwenye Windows bofya faili mara mbili, chagua kusakinisha kwa kompyuta nzima, kisha chagua mwenyewe ghala la Trusted Root Certification Authorities. Usiiachie Windows ichague. Kwenye Android njia iko ndani ya mipangilio ya usalama, sehemu ya usimbaji na vitambulisho, sakinisha cheti, cheti cha CA. Chrome itakikubali, ingawa programu nyingine nyingi za simu hazikitambui. iPhone inataka hatua mbili: kusakinisha wasifu, kisha kurudi Mipangilio, Jumla, Kuhusu, na kuwasha imani kamili kwa cheti hicho. Wengi hukomea ya kwanza. Firefox ina orodha yake; ikigoma, kiingize kwenye mipangilio yake ya vyeti.

Cheti mama kina umri wa takriban miaka 10, kwa hiyo kazi hii ni ya mara moja kwa kila kifaa. Cheti cha seva chenyewe huishi saa 12 tu na Caddy huhuisha bila kukuuliza.

Jambo moja usilifanye: usisakinishe cheti hiki kwenye simu binafsi za wanafunzi au walimu. Anayeshika faili la root.key, lililomo folda hiyohiyo ya seva, anaweza kutengeneza cheti cha tovuti yoyote, hata ya benki, na simu hiyo itakiamini. Kwa vifaa vya shule ni sawa, vya watu siyo. Ukilazimika kuhudumia simu za watu, nunua jina la kikoa na uombe cheti cha Let's Encrypt kwa njia ya DNS (mfumo wa majina ya tovuti). Hiyo haihitaji seva ionekane nje, lakini inahitaji intaneti kila cheti kinapohuishwa, pamoja na DNS ya ndani ili jina lifunguke bando likiisha. Kwa shule isiyo na intaneti ya uhakika, hatuoni faida.

Natumia kikompyuta cha Raspberry Pi 4 kama seva kwenye steshenari. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi wateja wanaambiwa cheti kimeisha muda. Nikiwasha hotspoti kidogo, tatizo linaondoka lenyewe.
*Mwenye steshenari, Masasi*

Saa. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Mfumo wake huandika muda kwenye kadi mara kwa mara, na ukiwaka unaanzia pale ulipoishia. Umeme ukikatika saa mbili usiku na kurudi saa mbili asubuhi, Pi inaamini bado ni saa mbili usiku. Cheti chake cha saa 12 inakiona kizima, haioni sababu ya kuhuisha. Simu ya mteja, yenye saa sahihi, inakiona kimekwisha. Hotspoti inailetea Pi muda sahihi kutoka intaneti, nayo inahuisha cheti.

Kwa dharura piga date uone saa, rekebisha kwa sudo date -s "2025-11-03 08:10" (weka tarehe ya siku hiyo), kisha sudo systemctl restart caddy. Ukijaribu timedatectl set-time itakukatalia kwa sababu usawazishaji wa intaneti umewashwa, hata kama intaneti yenyewe haipo.

Dawa ya kudumu ni kisaa cha DS3231. Kiunge pini 1 ya volti 3.3, pini 3 kwa SDA, pini 5 kwa SCL na pini 9 kwa ardhi. Vile vya bei nafuu vina saketi ya kuchaji betri. Ukikiwekea CR2032, ambayo haichajiwi, usikiunge kwenye volti 5 hata kama picha za mtandaoni zinaonyesha hivyo. Kwenye /boot/firmware/config.txt ongeza:

dtparam=i2c_arm=on
dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

Ondoa kifurushi cha fake-hwclock, washa upya, hakikisha saa ni sahihi, kisha sudo hwclock -w. Amri hiyo ikikosekana, sakinisha util-linux-extra. Ukiwa na laptopu chakavu pembeni, lakini, hamishia seva humo na Pi uipe kazi nyingine. Kukatika umeme ghafla kunaharibu kadi za kumbukumbu, na siku hiyo haitakuwa shida ya cheti.

Natumia python3 -m http.server, amri moja tu mafaili yanaonekana. Kwa nini nihangaike na Caddy?
*Masasi pia*

Kwa kumpa jirani faili moja la video mkiwa wawili chumbani, endelea. Haina nywila, haina usimbaji, na inafungua kila kilichomo kwenye folda uliyosimama kwa yeyote aliye kwenye mtandao huo. Ukiiwasha ukiwa kwenye folda yako ya nyumbani, umetoa hata funguo zako za SSH.

Mkurugenzi wetu yuko Dar es Salaam, anataka kufungua mafaili ya seva iliyopo hapa. Nimefungua poti 443 kwenye ruta inayotumia laini ya simu, lakini haipatikani.
*Kilwa Masoko*

Na usikose usingizi kwa hilo, ni afadhali. Tazama anwani ambayo ruta imepewa na mtandao wa simu. Ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, au namba yake ya kwanza ni 10, uko nyuma ya anwani moja inayotumiwa na wateja wengi. Hakuna poti utakayofungua ikafika nje. Hata ingefika tusingekushauri: poti iliyo wazi intaneti huanza kugongwa na mashine za kubahatisha nywila mapema sana. Rudisha ruta ilivyokuwa.

Tumia njia ya faragha badala yake. Tailscale, inayosimama juu ya WireGuard, hupenya mitandao ya namna hiyo bila kugusa ruta. Isakinishe kwenye seva na kwenye kompyuta ya mkurugenzi, kwa akaunti ya ofisi, si ya mtu. Seva itapata anwani inayoanza na 100. Iongeze kwenye mstari wa kwanza wa Caddyfile baada ya ile ya zamani, ukitenganisha kwa mkato, piga sudo systemctl reload caddy, kisha:

sudo ufw allow in on tailscale0 to any port 443 proto tcp

Mkurugenzi naye atahitaji root.crt kwenye kompyuta yake. Kwenye ukurasa wa usimamizi zima kuisha kwa ufunguo wa seva, vinginevyo baada ya siku 180 itakatika na mtadhani laini ina tatizo. Na kumbuka kila anachopakua yeye kinakula bando la Kilwa, si la Dar pekee.

Watu wanaona mafaili lakini hawawezi kuweka ya kwao. Nifanyeje?
*Karani wa ghala, Nachingwea*

Caddy kwa mpangilio ule hutoa tu, haipokei. Tunapenda ibaki hivyo. Kwa kupokea tumia SFTP (njia ya kuhamisha mafaili), ambayo imeshakuja na SSH, na mpe ruhusa hiyo mtu mmoja au wawili:

sudo addgroup wapakiaji
sudo adduser --shell /usr/sbin/nologin mpakiaji
sudo adduser mpakiaji wapakiaji
sudo install -d -o mpakiaji -g caddy -m 2750 /srv/nyaraka/mpya

Mwisho wa /etc/ssh/sshd_config ongeza:

Match Group wapakiaji
    ChrootDirectory /srv/nyaraka
    ForceCommand internal-sftp
    AllowTcpForwarding no

Piga sudo sshd -t. Ikinyamaza, sudo systemctl restart ssh. Mpakiaji ataingia kwa WinSCP au FileZilla, aone folda ya mpya tu na vilivyo jirani yake, asiweze kuandika amri yoyote.

Hapa kuna kosa linalopoteza siku nzima za watu. Mtumiaji anaingiza nywila sahihi, inakubaliwa, halafu muunganisho unakatika papo hapo. Kumbukumbu za SSH zinasema “bad ownership or modes for chroot directory”. Sababu ni kwamba folda ya /srv/nyaraka, na zote zilizo juu yake, lazima ziwe mali ya root na asiwepo mwingine mwenye ruhusa ya kuziandikia. Mtu akishafanya chmod 777 ili “ifanye kazi”, ndiyo inaacha kufanya kazi. Rudisha root:root na 755. Kuandika kufanyike ndani ya folda ya mpya, si juu yake. Ile 2 mwanzoni mwa 2750 ndiyo inayofanya kila faili jipya liwe la kundi la caddy, hivyo Caddy iweze kulisoma.

Kompyuta za waya zinafungua seva, simu za Wi-Fi hazifungui. Ruta ni hiyohiyo.
*Mtwara Mikindani*

Mambo mawili, kwa kufuatana. Huenda simu ziko kwenye Wi-Fi ya wageni, au ruta imewashiwa utenganisho wa watumiaji, kwenye kurasa nyingi huitwa AP Isolation. Kazi yake ni kuzuia vifaa vya Wi-Fi visionane na vingine. Ikiwa sivyo, zima data ya simu ujaribu tena: ruta ikikosa intaneti, simu nyingi huikimbia Wi-Fi kimyakimya na kuitafuta 192.168.1.50 kwenye mtandao wa simu, ambako haipo.

Kwa kuwa mko pwani, kagua na matundu ya waya. Hewa ya chumvi hula shaba ya ndani; waya unaoleta mtandao na kuupoteza, mara nyingi ni kutu ya kijani kwenye meno. Kata kichwa, bana kipya chenye meno yaliyopakwa dhahabu.

Ofisi na ghala ni kama mita 130. Nivute waya wa Cat 6?
*Newala*

Usivute. Kikomo ni mita 100 kwa Cat 5e na Cat 6 sawasawa, na shaba kati ya majengo mawili ni njia ya radi wakati wa mvua. Nunua jozi ya antena za GHz 5 za kuelekezana, au kebo ya nyuzi mwanga ikiwa mnaweza kuifukia. Zikishafungwa, badilisha nywila ya kiwandani ya antena zote mbili, maana zinaonekana hadi barabarani.

Diski ya nje ilichomoka, watu wakaendelea kupakia, nilipoirudisha mafaili ya siku hiyo hayaonekani. Yamekwenda wapi?
*Ruangwa*

Yapo. Diski ilipochomoka, /srv/nyaraka ikabaki folda tupu ya laptopu, na mafaili yakaandikwa humo. Uliporudisha diski ikayafunika. Simamisha huduma, toa diski kwa sudo umount /srv/nyaraka, utayakuta. Yahamishie pembeni kwanza.

Kabla ya kuirudisha diski, ikague. Ikiwa imepangwa kwa mfumo wa exFAT au FAT32, ruhusa za faili hazishiki na chmod yako ni kazi bure. Hamisha data, iandike upya kwa ext4. Kwenye /etc/fstab tumia UUID (utambulisho wa diski) unayoipata kwa sudo blkid:

UUID=(namba yako) /srv/nyaraka ext4 defaults,nofail,noatime 0 2

Bila nofail, siku diski isipokuwepo laptopu itagoma kuwaka na kusubiri mtu aje mbele yake. Na folda ikiwa tupu, diski bado haijapachikwa, piga sudo chattr +i /srv/nyaraka. Amri hiyo inaifunga folda ya chini isiandikwe na yeyote. Diski ikipachikwa juu yake inaandikika kama kawaida. Ikichomoka tena, mpakiaji atapata kosa palepale badala ya kupakia gizani.